Maji Kwenye Daftari la Babu

Tarehe 4 Machi

Babu yangu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kupumua, na yule muuguzi wako bado anakuficha sukari. Mimi mzima, ila miguu inawaka moto kwa kusimama kutwa.

Nakuandikia kwa kuwa masikio yako yamegoma kupokea simu. Kazi nimepata, kwenye kiwanda cha dobi kinachofua mashuka ya mahoteli. Nimepangwa mashine ya pasi. Ule mvuke, Babu! Kila nikiinama miwani inafunga ukungu. Nimeshaunguza foronya mbili, hadi msimamizi akaniuliza kama naona au nabahatisha. Basi nikajikakamua, nikanunua lenzi za kuvaa ndani ya jicho, zile za mwezi mmoja. Sasa naona mpaka uzi uliokatika. Jirani yangu wa mashine, tunamwita Mama Pasi, ananiita "Dada Vioo vya Siri".

Kinachonishinda ni dawa ya kuzioshea na kuzilaza. Chupa haimalizi mwezi, na bei yake si mchezo. Nikakumbuka sanduku la zana za duka lako la miwani ulilonipa nilipohama. Ndani kuna daftari lako, na ukurasa mmoja umeandikwa juu "Maji ya Lenzi", mwandiko kama umechapwa: maji ya kuchemsha, chumvi, kitambaa cha kuchujia.

Nimemuuliza Mama. Unajua hapendi kabisa habari za lenzi tangu jicho lake la kushoto lipofuke kabla sijazaliwa. Akasema: "Maji ya baba yangu hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa mikono yangu. Ukiyatumia, nawa, mwanangu. Nawa mpaka uchoke." Na yeye bado ananawa, Babu. Vidole vimepasuka kama ukuta wa zamani, na sabuni haimtoki mkononi.

Unasemaje, fundi? Nichemshe?

Mjukuu wako


Tarehe 19 Machi

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Kifua kinakoroma kama birika lililosahauliwa jikoni, lakini nipo. Muuguzi sasa anaficha na chumvi pia, nadhani anataka nife nikiwa sina ladha.

Usichemshe. Ukurasa ule ni wa zamani, na ya kale si yote dhahabu. Nimepima macho ya watu miaka arobaini, kwa hiyo nisikilize kama fundi, ya babu weka kando.

Kubana matumizi kunawezekana, ila ujue pa kubana. Vaa lenzi kazini tu, nyumbani rudi kwenye miwani. Mwombe aliyekupima akuandikie vipimo vyako, uzunguke maduka matatu kuuliza bei. Lenzi za mwezi huhesabiwa tangu siku ulipozifungua, hata kama umezivaa mara tano. Kwa hiyo ukifanikiwa kupangwa siku mbili tatu kwa wiki upande wa kukunja mashuka, ambako hakuna mvuke, uliza zile za kuvaa siku moja na kutupa. Hazitaki dawa, na huenda jumla yake ikawa ndogo kuliko unavyodhani.

Kwingine kote usibane. Dawa ya jana haiongezewi ya leo: mwaga, weka mpya. Sugua lenzi kwa kidole hata kama chupa inasema si lazima. Kikasha cha kuzilaza ukitupe kila baada ya miezi mitatu. Usilale nazo, usioge nazo. Mikono nawa, halafu ikaushe kabisa, kwa maana lenzi haitakiwi kuguswa na maji, yawe ya bomba au ya kuchemsha. Na siku dawa ikiisha, vaa miwani uunguze foronya. Foronya hununuliwa.

Ukiniuliza sababu, ni mambo ya kitaalamu, yatakuchosha bure.

Msalimie mama yako.

Babu


Tarehe 11 Mei

Babu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Muuguzi kanijibu kwa simu kwamba siku hizi unalala sana. Amka kidogo unisome.

Nisamehe mwandiko, naandika nimefumba jicho moja.

Wiki mbili nilifuata maneno yako. Niliomba kupangwa upande wa kukunja, msimamizi akacheka: "Kule ni kwa wajawazito. Wewe una mimba ya nani?" Basi nikabaki kwenye mvuke. Halafu chupa ya dawa ikaniponyoka bafuni, ikapasuka, na mshahara ulikuwa bado siku tisa. Miwani nayo nilikuwa nimeshaonywa, foronya ya tatu ni ya kufukuzwa. Nikajiambia, Babu kaandika usichemshe lakini hakusema kwa nini, labda ni woga wa uzee. Watu walikuja dukani kwake kwa ajili ya maji haya, na Mama mwenyewe anayatetea. Nikachemsha. Nilichuja mara mbili, nikanawa kama Mama, mpaka ngozi ikauma.

Sasa wiki ya tatu jicho la kulia ni jekundu kama nyanya, na mwanga ukiingia ni kama mtu kanipulizia pilipili. Mama Pasi anasema, "Umepigwa jicho na mwenye wivu wa foronya." Tunacheka, lakini yeye anacheka zaidi. Duka la dawa walinipa matone ya kuondoa wekundu, yanapoza kidogo kisha maumivu yanarudi na wenzake. Lenzi naendelea kuvaa, nitafanyaje?

Mama anasema labda sikunawa vizuri. Babu, nimekosea wapi?

Mjukuu wako


Tarehe 23 Mei

Mjukuu wangu,

Barua yako imenifikia leo asubuhi, na kabla sijashika kalamu nimemwomba muuguzi akupigie simu. Bila shaka umeshasikia: vua lenzi, usizivae tena, acha hayo matone, nenda hospitali ya macho leo hii ukiwa umebeba lenzi na kikasha chake. Mwambie daktari waziwazi, "Nilizilaza kwenye maji." Usione haya. Haya ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Hukukosea kunawa. Sikiliza sasa sababu niliyokunyima mwezi Machi. Naiandika kwa sababu safari yangu imekaribia, na sitaki kuzikwa nayo.

Nilipofungua duka, lenzi zilikuwa kitu kipya, na dawa yake ilikuwa bei ya kiatu. Watu walinunua lenzi, wakashindwa dawa. Nikajiona mjanja. Nilichemsha maji na chumvi nyumbani, nikachuja, nikajaza chupa tupu zilezile za dawa, nikauza kwa bei ya mkate. Mwalimu mmoja alinishika mikono yote miwili akasema, "Mungu akupe maisha marefu." Kanipa. Ndiyo haya.

Nilikuwa nimesoma, mjukuu wangu. Kwenye vitabu vyangu ilikuwa imeandikwa kwamba maji hayafai. Nilijua kwamba maji yakishachemka hupoa, sufuria hufunuliwa, chupa ni ya zamani, na chumvi haiui kitu. Lakini hakuna aliyekuwa amelalamika, na sifa ni tamu.

Mama yako alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimvalisha lenzi mimi mwenyewe, awe tangazo la duka. Mwezi wa nne tangu aanze kuzivaa, jicho la kushoto likawa jekundu. Nilimpa matone, kama uliyopewa wewe. Nilipompeleka hospitali, kioo cha jicho kilikuwa kimeshakuwa cheupe.

Daktari alinitoa nje, kwenye korido. Alisema, "Ni maji. Kuna kidudu kisichoonekana kinachoishi majini, ndicho kilichomla jicho." Nikamuuliza, pengine ni mikono? Akasema, "Mikono ya binti yako haihusiki. Nani alimpa maji?" Nikajibu sijui.

Nikarudi ndani. Alikuwa amekaa kitandani, amefungwa bandeji. Akauliza, "Baba, daktari amesema nini?" Nikamwambia, "Amesema hukunawa mikono."

Akalia kwa jicho moja. Akaniambia, "Nisamehe, baba, nimekutia gharama." Nikamsamehe. Unasikia, mjukuu wangu? Nilimsamehe.

Nilirudi dukani, nikamwaga sufuria, nikawaambia wateja maji yamekwisha. Sikuwaambia zaidi. Mama yako akaanza kunawa. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikimtazama akinawa kabla ya kula na baada ya kula, kabla ya kukubeba wewe ukiwa mchanga, na kila mara nilisema nitamwambia kesho. Ule ukurasa nilishindwa kuuchana. Unajua kwa nini? Mwandiko ulikuwa mzuri.

Uchane wewe. Na umsomee mama yako barua hii. Mimi sina miguu ya kumfuata wala masikio ya kumsikia.

Babu yako


Tarehe 30 Julai

Babu,

Shikamoo. Natumaini unapumua.

Niliugua, ndiyo maana kimya kilizidi. Siku ile muuguzi alipopiga simu nilikwenda hospitali nikitokea kazini, na aproni mwilini. Nilisema kama ulivyoniagiza. Daktari alichukua kikasha akakipeleka maabara bila kuniuliza la pili. Nilitiwa matone kila saa, usiku na mchana, Mama akiamka kuniwekea. Jicho limebaki, kuona ndiko kulikoondoka. Lina kovu jeupe katikati. Upande wa kulia sasa naona kama kupitia dirisha la chumba cha pasi. Daktari anasema kama ningechelewa wiki nyingine, hata jicho lenyewe lingeondoka.

Kazini wamenipanga upande wa kukunja. Sina mimba.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu. Nikakaa nayo wiki sita. Sikujua nani ananiuma zaidi, wewe au kile kidudu. Juzi nikamsomea Mama. Alikuwa kwenye karai, ananawa tayari kwa chakula. Nilipofika kwenye korido akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Nilisoma mara tatu. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akasema, "Alinisamehe." Hakula.

Ukurasa niliuchana. Mama aliuokota sakafuni, akauangalia mwandiko wako muda mrefu, akaukunja, akautia mfukoni.

Jana aliniambia nikuandikie hivi, nami naandika neno kwa neno: "Sitaki barua aliyokuandikia wewe. Aniandikie mimi, kwa mkono wake, alichosema daktari, kama kilivyosemwa. Asiniombe msamaha. Aniandikie hicho tu."

Mjukuu wako


Tarehe 9 Agosti

Binti yangu,

Muuguzi amenishikia karatasi, lakini mkono ni wangu.

Daktari alisema: "Ni maji. Mikono ya binti yako haihusiki."

Mikono yako ilikuwa safi.

Baba