Mchezo wa Chini ya Meza

Ijumaa usiku

Sikuwa ninacheza. Puto lilipopasuka leo mkononi mwa mdogo wangu Zuhura, nilidhani ni risasi kama za juzi. Nikajitupa chini ya meza, mimi niliyekwisha maliza shule!

Zuhura na watoto wa jirani wakacheka, wakanifuata wakitambaa. "Dada, tena!"

Kesho anatimiza miaka minne. Nilimwomba Mama tufanye mandazi na nyimbo tu.

"Bila maputo? Mi sifanyi matanga! Na mchezo wako hautaki hata franga moja ya kulipia. Puto likipasuka, wote chini. Utawaongoza wewe."

Nikaitika, "Ndiyo, Mama." Kwa nini siwezi kusema apana?

Pakiti nzima ya maputo imebaki. Nitayapasua yote nikitabasamu. Shajara yangu, usimwambie mtu nilivyoogopa.