Nafasi Yetu Chini ya Ngazi

Banda la Mitumbwi,
Mwisho kabisa wa gati, kando ya matete.
Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Kambare,

Tumepoteza nafasi ya chini ya ngazi. Tumeipoteza Jumapili ya tarehe mosi, saa nne asubuhi, mbele ya umati mzima. Nimelitanguliza hilo ili ujue naandika nikiwa nimenuna. Sasa tusalimiane kama watu.

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na hao wanangu wanaosema "shikamoo shangazi" kwenye simu halafu wanatimua mbio, meno yameshaota yote? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua kwenye kupanda tu. Kushuka anashuka kama msichana. Basi kila asubuhi anateremka gatini kuwakagua wateja wangu, na kila jioni shemeji yako anampandisha ngazi huku akihema na Mama akimhimiza.

Bwawa limejaa vizuri mwaka huu. Kule kwenye nyasi kuna mahema kila mwisho wa juma, wavuvi wa ndoano wamepanga viti vyao kama wako harusini, na wapanda baiskeli wanazunguka bwawa zima wakiwa wamevaa nguo za kubana ambazo Mama anazitazama kwa makini halafu anasema hazitazami. Wapo pia waangalia ndege. Wanakodi mtumbwi, wanaomba ukimya, wanakaa saa tatu bila kusogea. Hao ndio wateja ninaowapenda: mtumbwi unarudi kama ulivyoondoka.

Sasa hilo la ngazi. Wasomee wanao sehemu hii, maana hawajui baba yao alikuwa nani kabla hajawa mtu wa kutuma picha.

Waambie kwamba sisi wenye mitumbwi ya kukodisha tuko watano, na kila mwaka tunashindana, wawili wawili wa familia moja, kutoka gatini hadi boya jekundu na kurudi. Anayeshinda hufunga mitumbwi yake chini ya ngazi mwaka mzima. Na mgeni akishuka ngazi hachagui. Nimewahesabu: katika kila kumi, saba wanapanda mtumbwi wa kwanza wanaouona. Nilianza na mtumbwi mmoja wenye viraka, leo ninayo minane, na hiyo minane imezaliwa pale chini ya ngazi. Miaka minne mfululizo hatukung'oka, mimi nimekaa mbele, wewe nyuma.

Mwaka huu uliahidi mara tatu kwamba unakuja. Mara tatu nikamwambia Mama, akatandika kitanda mara tatu. Halafu ukasema kazini wamekunyima ruhusa. Sawa. Kazi ni kazi. Lakini Jumapili hiyo hiyo ukatutumia picha: uko ziwani huko, umevaa jaketi la kujiokolea la rangi ya chungwa, kafi mkononi, unacheka. Kambare! Maji ya watu umepata nafasi ya kuyapigia kafi, ya kwenu huna nafasi?

Basi kiti chako akakikalia shemeji yako. Fundi cherehani. Mtu ambaye mguu wake unafanya kazi kuliko mkono. Nikamfundisha wiki mbili, na nisimwonee, alikuwa ameanza kuiva. Mapafu, yule jirani yetu mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bwawa, alikuja na bintiye, mabega mawili kama milango. Akaniamkia kwa heshima zote: "Dada yangu, leo nitakusaidia kuhama."

Filimbi ikalia. Tukachomoka, Kambare! Wallahi tulitangulia. Mita ishirini za kwanza hapakuwa na mtu mbele yetu. Nikasikia Mama anashangilia. Kisha mtumbwi ukasimama kama umeitwa kwa jina, ukarudi nyuma, na shemeji yako akaingia majini na kofia yake.

Tulikuwa tumefungwa. Ile kamba ya watoto, ile ndefu inayowawezesha kuchezea karibu na gati bila kupotea, ilikuwa bado imefungwa nyuma ya mtumbwi, kwenye pete yake.

Nilipomvuta ndani nikamuuliza, "Uliiona kamba?"

"Niliiona."

"Sasa mbona hukufungua?"

"Mke wangu, hukuniamuru."

Unaijua amri yangu: gati hii hakuna anayefungua kamba mpaka mimi nitamke. Niliiweka tangu mtumbwi ule ulipochukuliwa na upepo hadi kwenye ukuta wa bwawa, na wote wanaitii, mume wangu akiwa wa kwanza. Mimi nilikuwa mbele, natazama boya. Miaka minne sikuwahi kuamuru, na miaka minne kamba ilifunguliwa. Nikawa nimekaa pale, maji yananitiririka, ndipo nikakumbuka kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akifungua bila kuniuliza, na kila mara nikimfokea.

Mapafu alicheka hadi kafi likamponyoka, na bado akashinda. Sasa naitwa Mama Kamba. Hata wavuvi wa ndoano, watu wasiosema na mtu, wananiita hivyo. Mama mwenyewe kaniita jana, nikamtazama, akasema ulimi umeteleza.

Mimi nacheka nao, siwezi kukataa kwamba inachekesha. Lakini huku kwenye matete mgeni hafiki. Jumapili ya kawaida mitumbwi yangu hutoka mara arobaini. Jana imetoka mara kumi na tatu, na mara mbili kati ya hizo ni Mama alikuwa anataka kuona bata. Nikikaa hapa mwaka mzima, minane itarudi kuwa mitatu.

Aliyeshindwa anaruhusiwa kudai marudio mara moja: Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Majina mawili yapelekwe kwa mlinzi wa bwawa kabla mwezi huu haujaisha. Shemeji yako anasema yeye na kafi wameachana kwa amani. Mama amejitolea. Unaona nilipofikia.

Msalimie sana wifi, na wanangu wabusu hata wakikimbia. Mama anakusalimu, shemeji yako anakusalimu, amekauka. Mungu awalinde huko mliko na awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Nimekuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu unateleza. Barua hii itakuchukua wiki mbili kuipata. Sitaki maelezo, sitaki picha, sitaki "tutaona." Utakuja kukaa nyuma yangu na kufungua kamba bila kuniuliza, ndiyo au hapana? Nipigie tarehe 28, kabla ya saa sita mchana. Saa sita na dakika moja naandika jina la Mama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Mama Kamba