Pigo Alilonifundisha Kocha Gatimu

S.L.P. 318,
Nyeri.
9 Juni 2024.

Mpendwa Mjomba Jamal,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Muscat, joto halijakuzidi? Na goti lako je? Sisi wazima. Mama anakohoa asubuhi kwa baridi hii ya Juni, lakini dukani anaenda.

Kwenye simu uliniuliza mbona simtaji tena Kocha Gatimu. Mama alikuwa karibu, nikageuza mazungumzo. Sasa nakuambia.

Unajua pigo langu la mbele kwenye mpira wa meza lilivyokuwa: moja linaingia, mawili wavuni. Kocha aliniambia nivute mkono hadi nyuma kabisa, nipige kwa nguvu zote. "Endelea tu hivyo, Safa. Itakaa." Nikaendelea miaka miwili. Ni rafiki yako, wewe ndiwe uliyemwomba anitunze, na kila sikukuu ya Idd anakula kwetu; ningemshukuje?

Mwezi wa tatu nilifika ukumbini mapema nikamkuta akimfundisha Wendy, mtoto wa dada yake. "Mkono mfupi," alimwambia. "Zungusha kiuno. Ngoja mpira ufike juu ndio upige. Nguvu nusu." Mipira ya Wendy ilitua mezani mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeshona.

Nikaingia nikamuuliza, "Kocha, mbona mimi uliniambia vingine?"

Akatazama raketi yake. "Wewe uko na mkono mzuri kuliko Wendy. Na timu ya kaunti inachukua msichana mmoja. Ningefanya aje?"

Wendy aliinamisha kichwa. Nadhani hakuwa anajua.

Tangu hapo nafanya mazoezi na kaka Abdulkadir nyuma ya duka. Ananirushia, nami napiga polepole, kiuno kwanza. Pigo limeanza kukaa, Mjomba! Jumamosi iliyopita nilikutana na Wendy kwenye mchujo, Karatina. Tulilingana hadi seti ya mwisho. Pointi zilipokaribiana, mkono ulirudi wenyewe nyuma kabisa, jinsi Kocha alivyouzoesha, na mpira ukapita meza. Wendy akachukua nafasi.

Kocha akaja kunipa mkono. "Umeimarika, binti yangu."

Niliuacha mkono wake hewani. Neno hilo, binti yangu, liliniuma kuliko kushindwa.

Mwakani nitarudi kwenye mchujo. Wewe ukitaka, baki rafiki yake, sikukatazi. Ila usimwombe tena anitunze.

Msalimie Anti Rehana na Farid mdogo. Mama na Abdulkadir wanakusalimu sana. Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Wako akupendaye,
Safa