Nyasi Kutoka Mdomoni mwa Tamu

Mama,

Nyota amecheua. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza watoto wamekula nini.

Siku tuliyokuzika pale Kimilili, wapishi walimwonea huruma Nyota, ng'ombe wako. Wakamsukumia karai zima la ugali uliobaki, "ati naye amefiwa, bana." Akala, akamaliza. Nilipomleta kwangu Kitale alikuwa ameacha kucheua, tumbo limejaa, macho hayana habari na mtu. Niliogopa, Mama. Wewe nimekuzika, sasa na Nyota?

Daktari wa mifugo alimpa dawa. Tumbo likatulia, lakini nyasi hakugusa. Jana daktari akarudi, akaenda moja kwa moja kwa Tamu, yule ndama wa Nyota uliyenipa nilipojifungua mjukuu wako wa kwanza. Siku hizi ni ng'ombe mzima, na alikuwa amelala akicheua zake. Mama, mtu mzima yule alitia mkono mdomoni mwa Tamu, akachomoa bonge la nyasi, mate yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akalisukuma mdomoni mwa Nyota! Nilipiga nduru mpaka jirani akatoka.

"Wacha kuogopa, madam," akaniambia. "Hii nyasi na mate iko na bakteria za tumbo, ndio husaga chakula. Za huyu zilikufa juu ya ile ugali. Sasa tunampandia zingine."

Kupanda! Kama mahindi! Wewe uliyekuwa ukitukataza kunywea kikombe kimoja watu wawili, sijui ungesemaje.

Jioni akarudia tena. Leo asubuhi nimemkuta Nyota amelala kando ya Tamu, taya zinakwenda. Nikakaa papo hapo kwenye matope, nikalia.

Nililia kwa sababu mimi pia nilikushikia kijiko cha uji, Mama. "Wacha tu, Nekesa," ukasema, ukafunga mdomo. Mtoto wa Nyota amemlisha mamake akainuka. Mimi nilijaribu kukulisha na hukuinuka, na mpaka sasa siamini.

Lala salama, Mama. Hawa wawili sitawatenganisha, watakula katika zizi moja mpaka mwisho wao. Wewe na mimi tumeshatengana. Inatosha.

Wako,
Nekesa