Spika Isiyosema Kwangu

Jumanne, 4 Novemba 2025
Jumapili ni solo yangu! Miaka sita kwenye kwaya nimejificha nyuma ya sauti ya Benedetta, na sasa mwalimu Mukhwana ananitaka mimi. Nimejirekodi kwa laptop, kichwa ndani ya blanketi ili majirani wasisikie. Nataka kujisikia kwa spika mpya niliyonunua kwa Chrispine, muuzaji wa hapa Malaba mpakani. Laptop inasema imeunganishwa. Spika kimya. Mmoja wao ni mwongo.

Jumatano, 5 Novemba
Kimya. Kaka yangu Dancan, anayejua kila kitu akiwa mbali, anasema ni driver ya sauti, ile programu ya laptop inayoendesha spika. Niitoe, nipakue mpya. Nimeitoa. Nikawasha data — simu ikadaka network ya Uganda, bando likaisha hata sijafika nusu.

Alhamisi, 6 Novemba
Boda hadi Adungosi, mbali na mpaka. Nimepakua driver nikiwa nimeketi juu ya gunia la viazi vitamu. Imeingia vizuri. Nyumbani nimecheza wimbo mara nane. Kimya! Nimeipiga spika kofi. Ajabu, hata kwa jirani Ongodia, anayeuza ajono, pombe ya wimbi, wazee wanaoinywa chunguni kwa mirija walikuwa kimya.

Ijumaa, 7 Novemba
Mara tano. Kimya. Labda hata mashine haitaki sauti yangu.

Jumamosi, 8 Novemba
Aibu! Ongodia amenisimamisha mferejini, akanishukuru kwa muziki. Muziki gani? Kumbe Chrispine alimuuzia spika kama yangu siku ile ile, na zote mbili alizijaribu kwa laptop yangu pale dukani. Laptop imekuwa ikiunganishwa na ya Ongodia! Siku nne wazee wamenisikiliza, mirija mdomoni. Nikaomba msamaha nikitazama ndoo.

"Dada Quinter," akasema, "wazee wanauliza, mbona kila siku unakata pale juu? Mzee Osukuku hutoa mrija mdomoni akingoja."

Ni kweli. Noti ile sijawahi kuifikia, ndiyo maana hata nilipojirekodi nilizima kabla yake. Nimemwandikia Mukhwana kwamba nina mafua, ampe Benedetta. Sijatuma.

Jumapili, 9 Novemba
Naandika nyuma ya karatasi ya matangazo. Ujumbe bado uko kwa simu. Benchi la mwisho: Ongodia na wazee watano, wameoga, makoti ya arusi. Osukuku amekuja na mrija wake, ameuviringisha kwa gazeti! Sijawahi kumwona kanisani. Nacheka na naogopa. Benedetta ananisukuma kwa kiwiko. Mukhwana ameinua mkono, kinanda kimeanza. Osukuku hata hanywi, lakini mdomo ameshaufungua, anangoja —