Ncha ya Kanga ya Mama Yesaya

Luanshya, Rodesia ya Kaskazini

Mke wangu mpendwa, Mama Yesaya,

Salamu hizi zikufikie wewe kwanza, kisha mama, kisha watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mimi huku ni mzima, ila kikohozi cha vumbi ambacho kila mtu wa mgodini anacho, kisikutie hofu. Nanyi je, mmeamkaje hapo kijijini kwetu Ruanda? Mahindi yamebeba? Ile miche ya kahawa niliyoiacha ikinifika magotini, imeshatoa maua?

Barua yako niliisoma nimesimama, matope ya chini ya mgodi hata sijayaosha. Ukaanza na ng'ombe kuzaa, nikafurahi. Ukaja na harusi ya binti wa mwinjilisti na jinsi mpishi alivyounguza wali, nikacheka peke yangu hadi wenzangu wakaniuliza kuna nini. Halafu mwisho kabisa, pale pa kuandika kwaheri, ndipo ukaniambia kwamba Tabitha ameshikwa macho. Kwamba asubuhi kope zimegandamana kwa tongo, na mchana analikimbia jua na kuficha uso mgongoni mwa dada yake Rabeka. Mama Yesaya, jambo kama hilo linaandikwa mwisho? Usiku ule sikula.

Najua ulitaka kunipunguzia mawazo. Lakini mimi Tabitha nilimwacha ananyonya, mtoto wa kufungwa mgongoni, na uso wake ninao kichwani kama ulivyokuwa siku ile. Sikuweza kukaa.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda kliniki ya watoto hapa kambini. Jirani yangu, mama mmoja Mbemba, mwenyeji wa huku, ndiye aliyenipeleka. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi, na kina mama wakanicheka weee. Mmoja akasema, "Huyu naye ameleta nani kupimwa uzito?" Nikavumilia, maana mwenye shida hachagui benchi. Bahati nzuri nesi aliyekuwepo ni mama wa Karonga aliyewahi kuolewa Mbeya, kwa hiyo Kiswahili chetu anakijua. Nikamsomea maneno yako yote. Akaniuliza:

"Baba, huko kwenu uso wa mtoto mnaufuta na nini?"

"Na ncha ya kanga ya mama yake," nikajibu, tena kwa fahari. "Analowesha na mate kidogo, anafuta."

"Una watoto wangapi?"

"Watatu. Anaanza mkubwa, anaishia mdogo."

"Kwa ncha ileile?"

"Sasa mama, kanga ina ncha ngapi?"

"Nne," akasema. "Nanyi mnatumia moja."

Hakucheka, nami kicheko kikanikauka. Akanieleza taratibu kwamba ugonjwa huo unasafiri kwa nguo, kwa vidole na kwa nzi, kutoka jicho hadi jicho. Yesaya aliumwa macho, yakapoa. Rabeka akafuata, unakumbuka, wakati wa palizi. Sasa ni Tabitha, naye kwa kuwa ni wa mwisho kufutwa, hupokea tongo za wenzake wote wawili. Akasema macho yanaweza kupoa na kuumwa tena, yakapoa na kuumwa tena, mpaka akiwa mtu mzima kope zinageuka kuingia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Mwisho wake ni giza.

Aliposema hivyo nilimwona mama yangu mawazoni. Unajua anavyoketi mlangoni jioni na kumwita Rabeka, "Njoo unitoe miiba," na Rabeka anachukua kile kikoleo kidogo cha chuma ambacho marehemu baba alimfulia mama, na kumng'oa kope moja moja. Miaka yote nilidhani ni uzee. Kumbe mama naye alikuwa mtoto wa mwisho kwao. Nililia pale kliniki, Mama Yesaya, na wale kina mama waliokuwa wakinicheka wakanisogezea nafasi kwenye benchi.

Basi sikiliza, mpenzi wangu. Sikulaumu hata kidogo. Ncha kama ile ya kanga ndiyo niliyofutwa nayo na mama nikiwa mdogo, na asubuhi niliyoondoka ulinifuta machozi kwa hiyo yako pale njia panda, mbele za watu, nami nikajifanya ni vumbi. Hakuna kitu chako ninachokikumbuka kama hicho. Ndiyo sababu inaniuma kukuomba uiache. Lakini nakuomba. Watoto usiwafute tena nayo.

Mwenzangu Lazaro, Mndali wa Mbebe, ndiye aliyebeba barua hii. Atavuka mpaka wa Tunduma na kupita hapo kwetu kabla ya kwenda kwao. Mpe ugali na maharage, naye atakupa furushi. Ndani mna mche wa sabuni na vitambaa vya marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, nilivyovipinda kwa sindano mwenyewe, usiicheke mishono yangu. Chenye uzi mwekundu ni cha Yesaya, cha buluu ni cha Rabeka, cha manjano ni cha Tabitha. Kikubwa kuliko vyote ni cha mama. Mtu asiguse cha mwenzake hata kama chake kimepotea. Vifuliwe, vianikwe juani mbalimbali.

Najua utasema, maji je? Nakijua kile kilima cha kisimani, na naijua shingo yako. Jirani yangu hapa ametoboa kopo tundu dogo chini, akaliziba kwa kijiti, akalitundika kwenye nguzo. Mtoto akichomoa kijiti, maji ya kujaza kiganja yanamtosha uso na mikono, kisha anaziba. Ninyi tumieni kibuyu. Asubuhi wakiamka, na jioni kabla ya kula, kila siku, si Jumapili tu mlangoni mwa kanisa. Na zizi la ndama lililo ubavuni mwa mlango lihamie nyuma ya migomba, liende na nzi wake. Kaka yangu Mose atakusaidia, mwambie nimemwomba mimi.

Zaidi ya yote, usingoje kuona kama vitambaa vitamponya. Nesi amesema ipo dawa ya kupaka, ya manjano, na kwamba hospitali ya misheni wanayo. Mpeleke Tabitha mara Lazaro akiondoka, hata kama mahindi yanadai. Wapeleke na wenzake, kwa sababu ukimtibu mmoja wawili watamrudishia. Na mama aende. Wanaweza kuzirudisha kope zake nje, na kikoleo kikapumzika.

Kipande hiki umsomee mama akiwa ameshiba. Mama yangu, shikamoo. Najua unavyosema kwamba tongo ni usingizi wa mtoto, ukiisha zitatoka zenyewe. Najua pia utasema nimekuwa Mbemba, nimesahau mtoto hufutwa na mkono wa mamaye. Mama, mkono uwe wenu daima, kitambaa tu ndicho kiwe chao. Ulinibeba mimi hadi ukavimba miguu. Nenda hospitali kwa ajili yangu, nikirudi uione mvi yangu ya kwanza unicheke.

Nisalimie kaka Mose na shemeji, na mzee wa kanisa aliyetubariki. Shangazi, yule anayeuza karanga Tunduma, Lazaro atakuwa amempa salamu zake kwa mdomo alipopita. Yesaya ndiye mlinzi wa kibuyu, kisikauke. Rabeka aache kumficha mdogo wake mgongoni, amshike mkono waende kunawa.

Mkataba wangu utakapokwisha nitakuja. Siku hiyo nikifika kwenye kona ya shamba la kahawa sitapiga hodi wala sitamwita mtu. Nitasimama tu na mzigo wangu. Tabitha hanijui. Kama atakuwa anacheza uani, akainua kichwa, akaona jitu refu geni limesimama njiani, akapiga kelele na kukimbilia kwako akilia, wewe usimkemee kwa aibu ya mgeni. Mwache alie. Mimi nitakuwa nacheka pale njiani, maana atakuwa ameniona.

Ni mimi mumeo,
Baba Yesaya