Dada, Mbele Kaa Wewe

Basi nyuki akaingia ndani ya kitenge, na hapo ndipo simu ikakatika, nikabaki juu ya kichuguu naongea peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nakwambia hivi, dada Skola: siku yangu ya kwanza kwenda kurina asali na wenzangu nilijipaka yale mafuta yangu ya kunukia, yale ya kopo la njano. Nikasema si niwe nadhifu kidogo, nisionekane mtu wa samaki. Mwee! Kumbe nyuki hawataki marashi, na kila mtu huku anajua isipokuwa mimi. Akaja mmoja, akaja wa pili, wakaja na ukoo wote. Nikatupa ndoo, nikatupa kitenge, nikakimbia na gagulo mpaka kwenye kijito. Mama Ndayi, huyo ndiye kiongozi wetu hapa kambini, akanikuta nimekaa kwenye maji mpaka shingoni. Akaniangalia weee, akasema, "Sasa umenawa." Akageuka akaenda zake. Hata kucheka hakucheka.

Eh, ona, nimeanza na nyuki hata sijakusalimia. Shikamoo dada. Mguu wako unaendeleaje, uvimbe umepungua? Unakunywa ile dawa au umeiweka tu pale juu ya kabati uiangalie? Na Kalisto wangu, amerudi ziwani na wenzake au bado analala mpaka jua limchome? Mwambie mama yake anauliza. Mimi mzima, Mungu anasaidia, ila nimechoka. Usishtuke, siumwi. Nitakueleza.

Nakuandikia kwa sababu huku Ugalla mtandao unapatikana juu ya kile kichuguu tu, na pale tunapanga foleni kama tuko bombani. Ukiongea lako, wote walio nyuma wanalisikia, kesho unalikuta linatembea kambi nzima. Najua, najua. Mimi ndiye wa kulalamikia hilo! Cheka, ukimaliza uendelee kusoma. Mwandiko ukikushinda mwite Imelda wa kaka yetu akusomee, lakini awe yeye tu, na mlango mfunge.

Uliniuliza kwenye simu: banda la mama vipi, unarudi au hurudi? Ukasema ziwa limefunguliwa siku nyingi, wenzangu wote wamerudi sokoni, wewe peke yako unabanika migebuka nyuma, unakimbia mbele kuuza, unarudi nyuma unakuta imeungua. Mimi nikakwambia ngoja kwanza nikusimulie habari ya nyuki. Sasa nakujibu. Ila ngoja kwanza.

Si unakumbuka nilivyoondoka? Ziwa limefungwa samaki wapumzike, banda tupu, shemeji yangu wa huku akasema njoo ushike kazi na akina mama wa nyuki mpaka mfunguliwe. Nikaja na begi moja na kiroba cha dagaa. Nilidhani asali inachotwa kama maji. Dada, hii kazi inaua. Mnatembea porini tangu asubuhi na ndoo kichwani, mbung'o wanakuuma mpaka juu ya nguo, mzinga wenyewe umetundikwa juu ya mti mrefu, na ukifika huruhusiwi kupiga kelele. Ni kunong'ona tu. Mimi kunong'ona! Wiki za kwanza koo lilikuwa linaniwasha kwa maneno niliyoyameza.

Na Mama Ndayi sasa, ndio hana maneno kabisa. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa huku huku, lakini ukimuuliza kitu anajibu kwa Kirundi, "Ego," ndiyo yake hiyo, basi, mazungumzo yameisha. Nilimwambia, "Mama Ndayi, wewe ukiwa sokoni kwetu Karema samaki wangekuozea." Akasema, "Ego."

Lakini kuna kitu wanafanya huku, kwetu sijakiona. Kabla ya kwenda kurina wanakaa chini wote, na kila mtu anatua. Wanaita kutua, kama unavyotua kuni kichwani. Ukiwa na jambo moyoni unalisema pale, wenzako wanajibu, "Tumesikia," basi, hakuna anayeuliza wala kukushauri. Wanasema mtu mwenye jambo mkono wake unakuwa mzito, anaugonga mzinga, anawachokoza nyuki, na wote mnaumwa kwa ajili yake. Sijui ni kweli au ni mambo yao tu. Ila asiyetua hapewi bomba la moshi, lile la kutulizia nyuki, na bila kushika moshi kazi huijui, wewe ni mbeba ndoo tu.

Basi siku moja akaanza Chausiku, msichana wa Kisukuma ambaye wakwe zake walihamia huku na ng'ombe wao. Akasema, "Mimi nimemnunia mama mkwe. Kuku wangu kampa wifi." Tukasema tumesikia. Zamu ikafika kwangu. Dada, unanijua. Nikaanza na huyo mama mkwe wa Chausiku, nikaenda kwa mnunuzi wa asali anayevaa miwani myeusi hadi ndani ya nyumba, nikafika kwa yule mama wa Ilembo niliyelala kwake nilipopita Mpanda, anayempelekea mumewe hotipoti kubwa namna hii, ukifunua ndani kiazi kimoja kinatembea. Walicheka mpaka Chausiku akajishika mbavu. Mama Ndayi akangoja nimalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umetua ya Chausiku, ya mnunuzi, ya mama wa Ilembo. Yako iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mimi, dada! Mimi niliyekuwa nawatangazia watu msiba kabla mgonjwa hajafa! Wote wananiangalia, nami natafuta neno langu mwenyewe silioni. Mama Ndayi akasema, "Baki ulinde masufuria." Wakaenda.

Nilibaki peke yangu kutwa nzima. Kwanza niliongea na sufuria, nikaisema vibaya kweli, ina masizi haina hata aibu. Nikaongea na mbung'o. Halafu nikanyamaza, nikangoja kuugua. Nilijua nitaugua, mimi siwezi kukaa kimya. Mwenzangu, nilijisikia vizuri! Kama umevua viatu vya kubana. Nikalia hapo, na ukiniuliza kwa nini sijui, huku nachochea maharage.

Ndipo nikakumbuka banda. Unakumbuka nilivyokuwaga nikirudi nyumbani kutoka sokoni? Nilikuwa najilaza na khanga usoni, Kalisto akiniita siitikii, wewe unasema, "Huyu kanuna tena, kwa watu ni kicheko, kwetu ni mgongo." Nami nilikuwa naamini nimenuna. Sikununa dada. Nilikuwa nimeisha. Kutwa nimewaita watu, nimewatania, nimewasifia watoto wao wabaya, nimecheka vichekesho vya wavuvi ambavyo havichekeshi, ili mgebuka utoke. Ile ilikuwa kazi kama kulima. Sasa mkulima akirudi anaachwa apumzike, mimi watu walikuwa wananifuata mpaka mlangoni, "Mama Kalisto, tuchekeshe." Hata kwenye msiba wa baba Kalisto walikuja wakasema, angalau mcheshi wetu atajikaza. Nikajikaza. Nikawachekesha mimi mfiwa.

Nikawaza tena, nani alisema mimi ni mtu wa mbele? Ni mama. Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, akaniweka mbele kwenye meza, wewe uliyekuwa kimya akakuweka nyuma kwenye moshi. Hakuna aliyetuuliza. Na wewe dada, ulipendaga kweli kukaa nyuma? Maana nakumbuka nilipokuwa na homa ukakaa mbele siku ile, ulifunga kile kilemba cha bluu. Jioni uliingia ndani unaimba. Mimi nilikuona, nikageukia ukutani. Miaka yote nimekuona na macho mekundu nikidhani wewe ndivyo ulivyo, kama nilivyodhani mimi ndivyo nilivyo.

Sasa usidhani huku nimepata raha. Mgongo unauma, mikono imevimba, usiku nasikia nyuki hata wakiwa hawapo. Nimechoka dada, nimechoka sana. Lakini nikilala, nalala. Na bado naongea, usifikiri nimekuwa mtawa. Huo umbeya wa kiazi nimeusimulia tena jana na nimeongeza na mchuzi. Ila sasa naongea nikitaka. Nikichoka naenda kukaa kwenye mizinga, na hakuna anayesema nimenuna. Nina umri huu, na wajukuu wananyemelea, ndio kwanza najua mimi ni mtu wa namna gani. Labda mwakani nitagundua kingine, sijui.

Leo asubuhi tumekaa tena kutua. Zamu yangu nikasema kifupi mpaka Chausiku akadhani naumwa. Nikasema, "Nimechoka kuchekesha watu. Sitaki kurudi kwenye banda la mama. Naogopa kumwambia dada yangu." Nikangoja waseme tumesikia. Walisema wote, isipokuwa Mama Ndayi.

Akasema, "Hiyo hujaitua. Umeihamisha bega."

"Si nimesema?"

"Umetuambia sisi. Sisi tuna banda Karema?"

Nikamwambia dada yangu ni mkali, hatanielewa, atasema nimemtupa. Akasema fuso ya asali inaondoka leo kwenda Mpanda, na watu wa Karema hawakosekani stendi. Akanipa kalamu yake. Akasema nikimaliza kuandika ndio nitashika bomba la moshi, nisipomaliza nibaki na masufuria. Ndiyo hivyo nimekaa hapa juu ya ndoo nakuandikia, na unaona nilivyozunguka, nimepita kwa nyuki, nimepita kwa kiazi.

Nakwambia sasa. Sirudi kwenye banda. Nitakuja Krismasi kuwaona, nitakuja ukiugua, nitakuja ukiniita, lakini pale mezani sikai tena. Sijakutupa. Najua tuliapa kwa mama kwamba lile banda hatuliachi, na najua unabanika peke yako na mguu huo. Nililia kabla ya kuandika hapa, ona karatasi ilivyovimba. Mchukue Imelda umweke nyuma, yule mtoto hapendi watu, utaona atakavyofurahi na moshi wake. Lakini muulize kwanza, usimfanye kama tulivyofanywa. Na mbele kaa wewe dada. Funga kile kilemba cha bluu. Hujui kutania, basi usitanie, wauzie tu, mgebuka wako watu wanaufuata hata ukiwanunia. Ukikasirika kasirika, unitumie hata tusi kwa fuso, nitalipokea. Ila usinyamaze. Kwa wengine kimya nimekizoea, chako sitakiweza.

Nisalimie katekista wetu, mwambie bado nasali hata kama nasinzia. Msalimie mama wa mashine ya kusaga, umwambie nimesikia habari ya binti yake na sitamwambia mtu, lakini wewe nitakwambia nikija. Msalimie fundi boti, na yule jirani yetu mwenye mbuzi wezi, na mbuzi wenyewe. Kalisto mwambie mama yake hajaolewa huku, maana najua ndivyo wanavyosema sokoni, ningekuwa huko ningesema hivyo hivyo.

Fuso inapiga honi. Ngoja, bado nina ya

Mama Ndayi amekuja amesimama hapa juu yangu. Anauliza, "Umemwambia?" Nimemwambia ndiyo. Anasema, "Karatasi zote hizi? Liko wapi hilo neno?" Nimemwonyesha kwa kidole, pale pa sirudi mpaka kwenye kilemba cha bluu. Amesoma polepole, anaitikia kwa kichwa.

Amesema, "Ego." Amenipa bomba, tayari linafuka. Dada naenda, moshi unaniingia macho

mdogo wako